RISALA YA WAHITIMU WA MASOKO KWA WAZIRI MWENYE DHAMANA YA KAZI NA AJIRA

Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu rasmi;
Waheshimiwa viongozi mliofuatana naye;
Wawakilishi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi;
Walimu wetu wa vyuoni, wazazi, walezi na wahitimu wenzetu;

  

 Tunakushukuru, Mheshimiwa Waziri, kwa kukubali kuja kutusikiliza. Risala hii tumeiandika kwa heshima, na tumeiandika kwa uwazi, kwa sababu kero ikizungushwa kwa maneno matamu hurudi nyumbani na mwenyewe.

1. SISI NI NANI

Sisi ni wahitimu wa astashahada, stashahada na shahada za masoko. Miongoni mwetu wapo waliosoma Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichofunguliwa mwaka 1965 ili taifa changa lipate wataalamu wake wa biashara. Wapo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Mzumbe, wa Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na wengine wa vyuo vya mikoani. Wengi tulisoma kwa mkopo wa Serikali na kwa mazao, ng'ombe au viwanja vilivyouzwa na wazazi wetu.

Tulifundishwa kuchunguza soko, kupanga bei, kujenga jina la bidhaa, kuandaa matangazo na kumhudumia mteja hadi arudi tena. Nchi inayosema inataka viwanda, inayotaka kuuza parachichi China na kahawa Ulaya, inahitaji watu wenye ujuzi huo. Lakini tuliohitimu tupo mitaani. Na wengi wa waliopata kazi wanaifanya bila mshahara. Hilo la pili ndilo lililotusukuma kuandika, na tutalieleza kwa kirefu.

2. VYUMA VIKIKAZA, SISI HUBANWA WA KWANZA

Mheshimiwa Waziri, tumeingia katika soko la ajira kwenye miaka migumu. Mwaka 2020 korona ilishusha idadi ya watalii kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takriban 620,000, na kampuni za utalii zikapunguza watu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta kiasi cha Serikali kulazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mwaka 2023 na 2024 dola ziliadimika. Mwagizaji ambaye ghala lake lina nusu ya mzigo haoni sababu ya kuutangaza. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya afya iliyokuwa ikiajiri watu wa uhamasishaji na mawasiliano ikasimama nayo.

Kila misukosuko hii ilipokuja, mkono wa kwanza wa mwajiri ulikwenda kwenye bajeti ya masoko. Tunaelewa kwa nini. Kodi ya pango haisubiri. Mamlaka ya Mapato haisubiri. Mhasibu anahitajika kufunga hesabu. Lakini tangazo la redio linaweza kusitishwa kwa simu moja asubuhi, na hakuna mashine itakayozimika siku hiyo. Madhara huja miezi kadhaa baadaye, wateja wanapokuwa wamehamia kwa mshindani, na wakati huo hakuna anayekumbuka ile simu.

Tangazo moja likisitishwa, wanaoumia ni wengi. Redio ya mkoani inapoteza mapato. Wakala wa matangazo anapunguza wabunifu wake. Mchapaji wa mabango anakosa oda, na anayesimamia promosheni sokoni anaambiwa apumzike hadi atakapoitwa. Nafasi ambazo mhitimu mpya angeanzia hufa zote kwa pamoja.

Wanaotuambia tusubiri ajira za Serikali nao wanaijua hesabu. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliendesha usaili wa nafasi 1,596, na waombaji walikuwa 135,027. Ni zaidi ya watu 84 kwa kila kiti, na nafasi za masoko katika utumishi wa umma ni chache tangu zamani.

3. KERO ZETU

3.1 Kazi isiyo na mshahara

Hii ndiyo kero yetu kubwa. Mhitimu anaona tangazo: "Maafisa Masoko wanahitajika." Anavaa shati lake zuri, anachukua bahasha ya kaki yenye vyeti, anaenda. Anaelezwa kwamba ameshapata kazi, aanze kesho. Mshahara? Hakuna, ni kamisheni. Nauli? Yake. Bando la kuwasiliana na wateja? Lake. Fulana ya kampuni? Italipwa kwa kukatwa kwenye kamisheni ya kwanza.

Anafungua akaunti za benki, anauza bima, anasajili laini za simu, anatembeza taa za sola au anatafuta wanunuzi wa viwanja. Saa mbili asubuhi anatakiwa awe ameripoti. Ana msimamizi, ana eneo alilopangiwa, ana tageti ya wiki, na jioni anatuma taarifa kwenye kundi la WhatsApp. Akikosa kuripoti anafokewa kama mwajiriwa. Akidai haki anajibiwa kwamba yeye si mwajiriwa, ni wakala huru. Asipofikisha tageti hapati kitu, lakini wateja aliowaleta wanabaki kuwa mali ya kampuni.

Mheshimiwa Waziri, uchumi ukiwa mzuri mpango huu unaumiza. Uchumi ukidorora ni dhuluma. Mteja hana fedha, kwa hiyo hanunui. Mteja asiponunua, kijana halipwi, ingawa ametembea Mbagala nzima kwa nauli aliyokopa kwa dada yake. Hasara ya mdororo imeondolewa kwenye vitabu vya kampuni ikawekwa kwenye mfuko wa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mwenye mtaji anagawana faida na nani, ikiwa hasara anamwachia asiye na mtaji?

Sheria ya nchi haikuliacha jambo hili wazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kinaeleza mazingira ambayo mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwamba saa zake au namna anavyofanya kazi vinaongozwa na mwingine; kwamba ni sehemu ya taasisi; kwamba kwa miezi mitatu amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi; kwamba maisha yake yanategemea kazi hiyo. Sharti moja kati ya hayo na mengine yaliyotajwa linatosha. Afisa masoko wa kamisheni anatimiza mengi kwa mpigo. Ni mwajiriwa, hata kama karatasi aliyosainishwa inamwita jina jingine.

Kama ni mwajiriwa, basi anastahili kima cha chini. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyotangazwa mwaka 2025 na kuanza kutumika Januari 2026 ilipandisha kima hicho kutoka wastani wa shilingi 275,060 hadi 358,322. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha, tukijua pia kwamba mwenye kulipwa kamisheni tupu hakupandishiwa hata senti. Hana mshahara wa kupanda.

Vilevile hana mchango wa hifadhi ya jamii. Sheria za mwaka 2018 ziliweka fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Fao hilo liliwekwa hasa kwa nyakati kama hizi. Sisi tunapoachishwa, hatuna hata mwezi mmoja uliochangiwa.

Na wale wachache wanaopewa mikataba, baadhi yao huachishwa kabla ya kutimiza miezi sita. Sababu inajulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 35, haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini. Kijana anatolewa mwezi wa tano, anaingizwa mwingine, naye anatolewa mwezi wa tano. Kazi ni ya kudumu, wafanyakazi ni wa msimu.

3.2 Uzoefu unaodaiwa na usiotolewa

Matangazo ya kazi ya ngazi ya kuanzia yanadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mhitimu ataupata wapi, ikiwa kila mlango unaudai kabla ya kufunguliwa? Serikali ilikwishaona tatizo hili ikaweka mwongozo wa mafunzo ya uzoefu kazini mwaka 2017, na Wakala wa Huduma za Ajira (TAESA) huwaunganisha wahitimu na waajiri. Tunaupongeza mpango huo. Lakini mwajiri hushiriki kwa hiari yake tu, na uchumi ukibana hiari hiyo hupungua. Baadhi ya wanaopokea wahitimu huwatuma kununua vocha na kupanga mafaili, kisha huwapa barua isiyoeleza walichojifunza.

Kwa upande wa vyuo, mafunzo kwa vitendo ni ya wiki chache, na kutafuta mahali pa kuyafanyia ni jukumu la mwanafunzi. Mwenye mjomba ofisini anapata pa kujifunzia. Asiye na mtu anatafuta wa kumgongea muhuri. Wakati huohuo soko limehamia kwenye simu za mkononi. Biashara ya Kariakoo sasa inauzwa kwa picha na video Instagram na TikTok, na bado wapo wanafunzi wanaomaliza bila kuwahi kuendesha tangazo moja la kulipia mtandaoni wala kusoma takwimu zake.

3.3 Deni linaloanza kabla ya kipato

Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara akiajiriwa. Asiye na mwajiri anatakiwa alipe kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Mtu wa kamisheni anahesabiwa kwenye kundi hili la pili. Mwezi ambao hakuuza kitu, deni linabaki palepale. Hatukatai kulipa. Fedha hizo ndizo zitakazowasomesha wadogo zetu. Tunachosema ni kwamba malipo yafuate kipato.

3.4 Rushwa ya ngono

Hili tunalisema kwa niaba ya dada zetu. Kazi ikiwa adimu, mwenye kugawa kazi hugeuka mungu mdogo. Wapo wasimamizi wanaodai mwili wa binti ili apewe eneo lenye wateja, na wapo wateja wanaodai vivyo hivyo ili wasaini fomu. Binti akilalamika anaambiwa "ndiyo kazi ya masoko". Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Asiye na mkataba, anayeweza kufutwa kwenye kundi la WhatsApp usiku mmoja, ataitumiaje sheria hiyo?

3.5 Taaluma isiyothaminiwa

Watu hupenda kutuambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Korosho za Mtwara na Lindi ni nzuri, lakini sehemu kubwa yake bado huondoka ikiwa ghafi, ikabanguliwa na kufungashwa ughaibuni kwa jina la mwingine. Asali ya Tabora inauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Kahawa ya Kagera inanywewa na watu wasiojua Kagera iko wapi. Wakulima wetu hawakukosa ubora, walikosa mtu wa kuufikisha ubora huo machoni pa mnunuzi na kuudaia bei yake. Vyama vya msingi vya ushirika vina makatibu na wahasibu. Ni nadra kumkuta afisa masoko. Wenye karakana ndogo za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) wanatengeneza bidhaa, kisha wanakaa kungoja maonesho ya Sabasaba na Nanenane. Kazi ipo. Kilichokosekana ni mpango wa kuwakutanisha wenye bidhaa na wenye ujuzi wa kuiuza.

4. MADAI YETU

Mheshimiwa Waziri, kutokana na hayo tunadai yafuatayo.

Kwanza, utoe waraka kwa waajiri wote unaoeleza kwamba wauzaji na maafisa masoko wanaopangiwa saa, maeneo na tageti ni waajiriwa kwa mujibu wa kifungu cha 61, na kwamba kamisheni ni nyongeza juu ya kima cha chini cha mshahara. Maafisa kazi waanze ukaguzi katika sekta zinazotumia zaidi mawakala wa mauzo, na matokeo yatangazwe kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha.

Pili, yapelekwe bungeni marekebisho ya kifungu cha 35, ili mwajiri anayewaachisha wafanyakazi mfululizo kabla ya miezi sita katika nafasi ileile asipate kujificha nyuma ya kifungu hicho.

Tatu, mafunzo ya uzoefu kazini yawe na posho inayotosha nauli na chakula, mkataba wa maandishi, na cheti kinachotaja ujuzi uliopatikana. Mwajiri anayewapokea wahitimu na kuwaajiri baadaye apewe nafuu katika Tozo ya Kuendeleza Ujuzi. Muda wa mafunzo hayo utambuliwe kuwa uzoefu katika maombi ya kazi, ya Serikali na ya binafsi.

Nne, uandaliwe mpango wa kuwapeleka wahitimu wa masoko kwenye vyama vya ushirika, kwa wajasiriamali wa SIDO na kwa vijana wa mashamba ya mradi wa kilimo wa BBT. Mhitimu mmoja ahudumie vyama kadhaa, na malipo yake yachangiwe na Serikali kwa miaka miwili ya mwanzo. Tunaomba majaribio yaanze katika mikoa ya korosho na kahawa.

Tano, sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwamo vijana. Huduma za matangazo, ubunifu wa nembo, maandalizi ya maonesho na usimamizi wa kurasa za mitandao ziwe miongoni mwa zabuni zinazotengwa kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao, na vikundi vya wahitimu visidaiwe uzoefu wa miaka ambayo wanachama wake walikuwa darasani.

Sita, tangu Julai 2022 watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi hutozwa asilimia 2 ya mapato wanayopata hapa. Sehemu ya mapato hayo hutoka kwa wauzaji wetu wanaolipia matangazo mtandaoni. Tunadai fungu la kodi hiyo lielekezwe kwenye mafunzo ya masoko ya kidijitali kwa vitendo.

Saba, marejesho ya mikopo ya elimu ya juu kwa asiye na mshahara yafuate kipato halisi, na mwezi usio na kipato uahirishwe bila adhabu.

Nane, TAKUKURU na ofisi za kazi ziweke njia ya siri ya kupokea malalamiko ya rushwa ya ngono yanayotoka kwa wafanyakazi wa mauzo, na mlalamikaji alindwe hata kama hana mkataba wa maandishi.

Kwa waajiri mliopo hapa, ombi letu ni fupi. Tangazeni mshahara au semeni wazi kwamba haupo. Msitoze fedha za fomu, mafunzo wala sare. Kazi aliyoifanya mtu ilipwe, hata akiondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Na kabla hamjakata bajeti yote ya masoko, mtuite tuwaoneshe namna ya kuwafikia wateja kwa gharama ndogo. Kipindi mteja anahesabu kila shilingi ndipo anapohitaji sababu nzuri ya kuchagua bidhaa yako.

5. AHADI ZETU

Anayedai ana wajibu wa kuahidi. Tunaahidi kujisajili TAESA na kukubali kupangiwa nje ya Dar es Salaam. Tutaunda vikundi vya kuomba zabuni na kusaidiana ujuzi, wanaojua kuendesha matangazo ya mtandaoni wakiwafundisha wasiojua. Hatutauza kwa uongo: bima isiyolipa, kiwanja chenye migogoro, dawa isiyosajiliwa na mkopo wenye riba iliyofichwa havitapita mikononi mwetu, kwa sababu kila mteja aliyedanganywa anamfungia mlango mhitimu atakayebisha hodi baadaye.

Tutakusanya pia ushahidi. Kila mmoja wetu aliyefanya kazi kwa kamisheni bila mkataba ataandika maelezo yake, saa alizofanya kazi na maagizo aliyopewa, ili ofisi yako ipate vielelezo vya kuanzia, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipate mashauri yenye miguu ya kusimamia.

6. HITIMISHO

Mheshimiwa Waziri, mdororo wa uchumi haukuletwa na vijana, na hatukuja kukuomba uufute kwa kauli moja. Tunajua kwamba mafuta hupanda bei nje ya mipaka yetu na kwamba mfadhili hufunga mkoba wake bila kutuuliza. Lakini namna mzigo huo unavyogawanywa hapa nchini ni uamuzi wetu wenyewe, na sehemu kubwa ya tunayoyadai imo tayari katika sheria zilizopitishwa na Bunge letu. Mtu akifanya kazi alipwe. Mtu akisoma apewe mahali pa kuanzia. Mtu akionewa apate pa kusemea.

Tunakuomba upokee risala hii, uteue afisa wa kuifuatilia, na utupe tarehe ya kukutana tena ili utueleze lipi limetekelezwa, lipi linaendelea na lipi limekwama kwa sababu gani. Tupe tarehe hiyo leo, kabla hujaondoka hapa.